Zaidi ya nusu walihama kundi: kisa cha jaribio la IRIS

Kati ya Juni 2000 na Januari 2001, wagonjwa 1,106 waliokuwa wamegundulika karibuni kuwa na saratani ya damu aina ya CML walikubali kupangwa kwenye makundi mawili kwa bahati nasibu. Watu 553 walipangiwa vidonge vya imatinibu, miligramu 400 kwa siku. Wengine 553 walipangiwa sindano za interferoni kila siku, pamoja na dawa iitwayo sitarabini kwa siku 10 za kila mwezi. Wakati huo hiyo ndiyo ilikuwa tiba bora kwa mgonjwa asiyepandikizwa uboho. Hakuna aliyefichwa anatumia nini. Na kwenye vituo 177 vya nchi 16 vilivyoshiriki, madaktari walikuwa wameshasikia kwamba vidonge vile vinafanya mambo ambayo CML haikuwahi kufanyiwa na dawa yoyote.

Ukishaanza kuamini kwamba dawa mpya ni bora, unampaje mgonjwa mwingine ile ya zamani kwa ajili ya utafiti? Ndilo swali la kwanza ambalo mgonjwa wa kwetu huuliza akisikia habari za majaribio ya dawa: mimi nitapangiwa ipi, na nikipata ile mbaya itakuwaje? IRIS ilijibu kwa kuweka mlango wa kuhama kundi. Mlango huo uliwasaidia watu, na papo hapo ukaharibu kipimo kimoja muhimu cha jaribio. Naamini watafiti walifanya sawa, na nitaeleza kwa nini, lakini gharama yake inabidi isemwe wazi kwa sababu bado inawachanganya wanaosoma matokeo.

Kwanza ugonjwa wenyewe. CML huanzia kwenye uboho, ambako seli nyeupe za damu zinazalishwa kupita kiasi. Huanza polepole. Bandama huvimba, mtu anahisi uzito chini ya mbavu za kushoto, anashiba kwa tonge chache, anakonda, anatokwa na jasho usiku. Mikoani kwetu mwenye dalili hizi mara nyingi atapimwa malaria na kifua kikuu kabla mtu hajafikiria kuhesabu seli nyeupe. Awamu hii ya mwanzo huweza kuchukua miaka kadhaa huku mgonjwa akiendelea na kazi zake. Kisha ugonjwa hubadilika: seli changa zisizokomaa hufurika kwenye damu, na enzi hizo mtu akifika hapo, yaliyokuwa yamebaki yalihesabiwa kwa miezi.

Chanzo kilianza kuonekana mwaka 1960, pale Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia walipoona kromosomu (uzi unaobeba jeni ndani ya seli) moja fupi isivyo kawaida kwenye seli za wagonjwa hawa; ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba ile haikupotea kipande tu: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimekatika na kubadilishana vipande. Palipoungwa vibaya ndipo lilipozaliwa jeni liitwalo BCR-ABL, linalotengeneza kimeng'enya kisichozimika, kama koki ya maji iliyovunjika ikiwa wazi. Seli inaamriwa igawanyike usiku na mchana.

Huko Basel, Nicholas Lydon na wenzake wa kampuni ya Ciba-Geigy walikuwa wakitengeneza molekuli za kuzima vimeng'enya vya aina hii. Brian Druker, daktari wa Portland nchini Marekani, akazijaribu kwenye seli za CML. Mwaka 1996 walichapisha matokeo: molekuli moja, wakati huo ikijulikana kwa namba tu, STI571, ndiyo imatinibu ya baadaye, iliua seli zenye BCR-ABL na kuziacha nyingi za kawaida. Mwaka huohuo Ciba-Geigy iliungana na Sandoz ikawa Novartis. Kampuni haikuwa na haraka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na wagonjwa wachache, na majaribio kwa mbwa yalikuwa yameonyesha ini kudhurika. Ilichukua msukumo mkubwa wa Druker mpaka jaribio la kwanza kwa binadamu likaanza Juni 1998, Portland, Los Angeles na Houston.

Hili jaribio la awamu ya kwanza linastahili kutazamwa kwa makini, maana ndilo lililofanya IRIS iwe ngumu kimaadili. Lilipokea watu 83 wenye CML ya awamu ya mwanzo, ambao interferoni ilikuwa imewashinda. Wa kwanza walipewa miligramu 25 kwa siku. Dozi hiyo ni ndogo mno kutibu, na kila aliyeipanga alijua hivyo. Awamu ya kwanza haiulizi kama dawa inatibu. Inauliza mwili unavumilia kiasi gani. Kwa hiyo kundi dogo linapewa kiasi kidogo, wanaangaliwa, kisha kundi linalofuata linapandishwa, mpaka ikafika miligramu 1,000. Watu wale wa mwanzo walijitoa kwa manufaa ya waliokuja nyuma yao, na sijawahi kuona heshima ya kutosha ikitolewa kwao.

Dozi ilipofika miligramu 300, hali ilibadilika. Desemba 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa damu uliofanyika New Orleans, Druker alitangaza kwamba wagonjwa wote 31 waliokuwa wamefikia kiwango hicho au zaidi, hesabu zao za damu zilirudi kuwa za kawaida. Matokeo yalipochapishwa Aprili 2001 idadi ilikuwa 53 kati ya 54. Madhara yalikuwepo, kichefuchefu, misuli kukaza, macho kuvimba, lakini wengi waliyavumilia.

Habari zilivuja kwa wagonjwa kabla ya majarida, maana mtandao ulikuwa umeshafika majumbani. Mwaka 1999 dawa ilikuwa haitoshi hata kwa majaribio yenyewe. Mgonjwa mmoja wa Montreal akaanzisha ombi la pamoja mtandaoni, likapata saini zaidi ya 3,000, likapelekwa kwa mkuu wa Novartis, na uzalishaji ukaongezwa. Hawa hawakuwa watu wa kukaa wakisubiri kupangiwa.

Sasa, kama mambo yalikuwa mazuri kiasi hicho, IRIS ilikuwa ya nini?

Sababu ya kwanza ni kwamba seli nyeupe kushuka si ushahidi wa kutosha. Ipo dawa ya bei nafuu iitwayo haidroksiyurea ambayo hushusha seli nyeupe vizuri tu, na madaktari wa kwetu wameitumia miaka mingi. Damu inarudi sawa, bandama inanywea, mgonjwa anafurahi, lakini kromosomu ya Philadelphia inabaki kwenye uboho na ugonjwa unaendelea na safari yake. Kitu cha kuangalia ni kromosomu. Sindano huingizwa kwenye mfupa wa nyonga, uboho unavutwa, seli zinakuzwa maabara na kusimamishwa zikiwa katikati ya kugawanyika, zinatiwa rangi, halafu mtaalamu anakaa kwenye hadubini na kuhesabu moja moja. Kwa kawaida anahesabu seli 20. Zikiwa 7 au pungufu kati ya hizo 20 ndizo zenye kromosomu ile, huo ni mwitikio mkubwa. Isipoonekana hata moja, ni mwitikio kamili. Interferoni iliwafikisha hapo watu wachache, na wachache hao waliishi muda mrefu. Huyo ndiye mshindani ambaye imatinibu ilipaswa kumshinda.

Sababu ya pili ilikuwa inatisha zaidi. Wagonjwa waliopewa imatinibu wakiwa wameshafika kwenye mlipuko wa seli changa walipata nafuu haraka, kisha wengi wao ugonjwa uliwarudia katika miezi michache. Seli zilikuwa zimebadilika zikawa sugu kwa dawa. Nani angethibitisha kwamba kwa wagonjwa wapya hali haitakuwa hiyohiyo baada ya mwaka mmoja au miwili? Na kijana mwenye ndugu anayelingana naye kwa uboho, aahirishe upandikizaji unaoweza kumponya kabisa kwa sababu ya kidonge kilichojaribiwa miaka miwili? Upandikizaji huo ungeweza pia kumuua. Daktari aliyekuwa akimshauri kijana yule mwaka 2000 hakuwa na namba za kusimamia.

Kwa hiyo nasema jaribio la kulinganisha lilihitajika. Hata hivyo haikuwezekana kulifanya kama vile hakuna anayejua kitu. Mpango wa IRIS uliruhusu kuhama: mgonjwa ambaye tiba yake haifanyi kazi, au ilifanya kisha ikaacha, au ambaye mwili wake hauivumilii, angeweza kupelekwa upande wa pili. Interferoni haikuwa dawa nyepesi. Mtu hupata homa na maumivu ya mwili kama mwenye mafua makali, uchovu usioisha, wengine huzuni nzito inayofikia ugonjwa wa akili. Dozi iliyolengwa, yuniti milioni 5 kwa kila mita ya mraba ya mwili kila siku, wengi hawakuweza kuistahimili.

Kisha, tarehe 10 Mei 2001, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha imatinibu baada ya kuipitia kwa chini ya miezi mitatu. Idhini ile ilitegemea majaribio ya awali, si IRIS. Ghafla mgonjwa wa kundi la interferoni alikuwa na dawa ya kundi lile jingine kwenye duka la dawa. Wapo waliohama kwa sababu za kitabibu, na wapo waliosema tu kwamba hawataki kuendelea na sindano. Wagonjwa walipokuwa wamefuatiliwa kwa takriban miezi 19, watu 318 wa kundi la interferoni, asilimia 57.5, walikuwa wamehamia kwenye imatinibu. Kwa upande wa pili waliohama walikuwa asilimia 2.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa Machi 2003. Mwitikio mkubwa wa kromosomu: asilimia 87.1 kwa imatinibu, asilimia 34.7 kwa interferoni. Mwitikio kamili: 76.2 dhidi ya 14.5. Waliokuwa bado hawajaingia kwenye hatua mbaya za ugonjwa kufikia miezi 18: 96.7 dhidi ya 91.5. Mshindi alikuwa anajulikana.

Ila tazama vifo. Kufikia miezi 18 waliokuwa hai ni asilimia 97.2 kwa imatinibu na 95.1 kwa interferoni, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ripoti ya mwisho iliyotoka mwaka 2017, baada ya ufuatiliaji wa karibu miaka 11, ilisema kwamba kufikia miaka 10 waliokuwa hai ni asilimia 83.3 kwa kundi la imatinibu na 78.8 kwa kundi la interferoni. Anayesoma namba hizi mbili peke yake atauliza, na ana haki ya kuuliza: dawa iliyosifiwa dunia nzima imeongeza asilimia nne na nusu tu?

Hapa ndipo lazima mtu ajue hesabu za majaribio zinavyofanywa. Mgonjwa huhesabiwa kwenye kundi alilopangiwa siku ya kwanza, hata kama alilihama wiki iliyofuata. Kanuni hii ni nzuri, maana inazuia watafiti kuchagua wagonjwa waliofanya vizuri na kuwaacha waliowaharibia hesabu. Lakini katika IRIS hatimaye karibu theluthi mbili ya kundi la interferoni, asilimia 65.6, walihama, na nusu ya waliohama walikuwa wameshafanya hivyo ndani ya takriban miezi 10. Waliofika mwisho wa utafiti wakiwa bado kwenye tiba ya interferoni walikuwa asilimia 1.3. Maana yake ni kwamba ile 78.8 kwa sehemu kubwa ni uhai wa watu waliotumia imatinibu, wakiwa wamechelewa kuianza kwa miezi kadhaa. Namba za kundi la kulinganisha zimeinuliwa na dawa ileile iliyokuwa inapimwa.

Wapo wanaotaka majaribio yafungwe kabisa, mtu asihame, ili kipimo cha vifo kibaki safi. Naelewa hoja yao. Dawa nyingi mpya za saratani leo zinapitishwa kwa vipimo vya maabara vinavyopendeza, halafu baadaye hakuna anayeweza kuonyesha kama watu waliishi zaidi, na kuhama kundi ni mojawapo ya visingizio. Kwa dawa yenye faida ndogo, hoja hiyo ina nguvu. Lakini IRIS haikuwa na faida ndogo. Mlango ungefungwa, tofauti ya vifo ingeonekana wazi kwa sababu watu wa kundi la interferoni wangekufa wakiwa wanaijua dawa na wameiona kwa jirani kitandani. Jaribio lisingeweza kuomba hilo kwa mtu aliyetia saini kwa imani. Na lingefungwa, wangeondoka tu. Dawa ilikuwa sokoni. Afadhali wahame ndani ya utafiti, waendelee kufuatiliwa, kuliko watoweke.

Kilichookoa hitimisho ni mambo mawili yaliyopangwa mapema. Kipimo kikuu cha IRIS kilikuwa ugonjwa kuendelea, si kifo peke yake, na hicho kilionyesha tofauti licha ya wengi kuhama. Cha pili ni uvumilivu wa kufuatilia. Hofu kubwa ilikuwa usugu, kwamba kila mwaka wengi zaidi watarudiwa. Ikawa kinyume. Mwaka wa kwanza asilimia 1.5 ya kundi la imatinibu waliingia hatua mbaya, mwaka wa pili 2.8, wa tatu 1.6, wa nne 0.9, wa tano 0.6. Mtu aliyevuka miaka mitatu akiwa vizuri alikuwa na sababu halisi ya kupumua. Jambo hilo kundi moja lililofuatiliwa vizuri linaweza kulionyesha hata kama kundi la pili limebomoka.

Lazima niseme pia kwamba hata upande wa imatinibu, kufikia mwisho ni asilimia 48.3 tu waliomaliza tiba ndani ya utafiti. Wengine madhara yaliwashinda, wengine haikuwatosha, wengine waliondoka. Si dawa ya kila mtu, na ndiyo maana zikaja dawa nyingine, dasatinibu na nilotinibu.

Kati ya vituo 177 hakukuwa na hata kimoja Afrika Mashariki. Wagonjwa wetu wa CML wanajulikana kuwa vijana kuliko wa Ulaya, wengi wakiwa kwenye miaka ya thelathini na arobaini, umri wa kulea watoto na kusomesha. Imatinibu iliwafikia kwa njia nyingine: mwaka 2002 Novartis na shirika la Max Foundation walianzisha mpango wa kuitoa bure, na kupitia huo wagonjwa wa Kenya, Tanzania na Uganda walipata vidonge ambavyo kwa bei ya Marekani vingewagharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Mgonjwa alipaswa kuthibitishwa kwamba ana kromosomu au jeni lile, na hapo ndipo wengi walikwama, kwa kukosa maabara. Siku hizi kipimo cha BCR-ABL kinaweza kufanywa kwa mashine ya GeneXpert, ileile ya kifua kikuu. Baadaye dawa za kampuni nyingine zikashusha bei, Mahakama ya Juu ya India ikakataa Aprili 2013 kuipa Novartis hataza, yaani haki ya kipekee juu ya dawa hiyo, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza imatinibu kwenye orodha ya dawa muhimu.

Hata hivyo namba za IRIS si za kuhamishia kliniki zetu moja kwa moja. Zilitoka kwa watu waliopimwa kwa ratiba na kupewa vidonge bila kukatika. Mgonjwa wa Kigoma anayepaswa kusafiri mbali kuchukua dawa, akikosa nauli mara mbili mfululizo, seli zinapata nafasi ya kujifunza usugu. Huyo akirudiwa na ugonjwa, dawa haijashindwa.

Majaribio ya dawa za saratani ya damu yanazidi kuletwa huku kwetu, na hilo nalitaka, maana wagonjwa wetu wanastahili kuwa miongoni mwa wanaohesabiwa. Ukiitwa kwenye jaribio la namna hii, kabla ya saini omba uonyeshwe kwenye fomu ya ridhaa mahali palipoandikwa kama unaweza kuhama kundi tiba yako ikishindwa, nani anaamua, na nani atalipia dawa jaribio likiisha. Mara nyingi sehemu hiyo ya mwisho imeandikwa kwa mstari mmoja usioahidi kitu. Kamati za maadili za NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu Tanzania, na wenzao wa Kenya na Uganda zina mamlaka ya kuurudisha mpango mzima kwa watafiti mpaka mstari huo uandikwe upya, na wagonjwa wakiuliza kwa wingi, kamati zitakuwa na sababu ya kuitumia nguvu hiyo.